Pacha wa Sandukuni: Mchezo wa Redio wa 1951 na Historia ya Hofu ya Nakala

Mwezi Agosti 1951, wasikilizaji wa redio ya NBC nchini Marekani waliletewa kisa cha mume aliyejinunulia mume wa akiba. Mchezo huo wa redio uliitwa Marionettes, Inc., na ulikuwa sehemu ya mfululizo wa hadithi za kisayansi uliojulikana kama Dimension X. Chanzo chake ni hadithi fupi ya Ray Bradbury iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1949, kisha ikaingizwa katika mkusanyo wake wa The Illustrated Man mwaka 1951. Desemba 1955 NBC iliuigiza tena katika X Minus One, mfululizo uliorithi ule wa kwanza na kuyafufua masimulizi yake mengi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Bwana Braling ameishi miaka kumi katika ndoa aliyoingizwa kwa vitisho, na kwa miaka yote hiyo ameitamani safari ya Rio de Janeiro ambayo ndoa hiyo ilimkatisha. Kampuni moja ya siri inamtengenezea roboti inayofanana naye kwa sura, kwa sauti, hata kwa harufu ya mwili. Jioni Braling anapotoka, Braling wa Pili hubaki nyumbani kumliwaza mke; Braling anaporudi, pacha hufungiwa sandukuni katika chumba cha chini ya nyumba. Rafiki yake Smith, ambaye tatizo lake ni kinyume, kwamba mkewe anampenda mno hata hampi nafasi ya kupumua, anasikia habari hizo na kuomba anuani ya kampuni. Anafika nyumbani, anafungua kitabu cha benki apate kujua kama fedha za kununulia nakala zitatosha, anakuta sehemu kubwa ya akiba imetoweka. Anamwinamia mkewe aliyelala na kutega sikio kifuani pake. Kinachosikika ni mlio wa saa.

Kwa Braling nako mambo yameharibika. Pacha anaagizwa arudi sandukuni na hataki. Amechoshwa na giza la chini ya nyumba, amempenda mke, na yeye pia angependa kuiona Rio. Usiku huo anayefungiwa sandukuni ni mwenye nyumba. Baadaye mke anaamshwa na busu la shavuni, na kinachomshangaza ni kwamba mumewe hajafanya hivyo kwa miaka mingi.

Redio ndiyo iliyokipa kisa hiki makali yake. Jukwaani mtazamaji ana macho ya kumsaidia, na kitabuni msimulizi humwambia msomaji nani ni nani. Msikilizaji wa redio hana ushahidi mwingine ila sauti. Mwigizaji mmoja anaweza kusema maneno ya mtu na ya nakala yake bila kubadili hata pumzi, na aliyekaa sebuleni kando ya kisanduku cha redio anakuwa katika hali ileile ya Bibi Braling gizani: anaisikia sauti anayoifahamu na kudhani anamfahamu anayeitoa. Ndiyo maana naona mchezo huu unastahili kusomwa kama hati ya kihistoria, hasa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuthibitisha kwamba fulani ni fulani: maofisa wa umma, wasimamizi wa chaguzi, wanasheria, wanaharakati wanaopokea ujumbe wa sauti usiku wa manane na kutakiwa kuuamini.

Tuanze na neno. Roboti ni neno lililozaliwa katika tamthilia. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alichapisha R.U.R. mwaka 1920, nayo ikaonyeshwa Prague, katika Ukumbi wa Taifa, Januari 1921. Aliyempendekezea jina hilo ni ndugu yake, mchoraji Josef, kutokana na neno robota: kazi ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana wa ardhi bila ujira, utaratibu uliofutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848. Wasomaji wa Kiswahili wana neno lao la zamani kwa jambo hilo, nalo ni shokoa. Walio na wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wanalo na jingine, manamba, yaani watu walioitwa kwa namba zao. Kwa hiyo roboti, kwa asili ya neno, ni mtu wa shokoa. Roboti za Čapek hazikuwa za chuma. Zilikuwa na nyama na ngozi, na mgeni hakuweza kuzitofautisha na watu. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia hiyo Helena Glory anazuru kiwanda kwa ajili ya kutetea haki za roboti, anamdhania karani wa kike kuwa binadamu, na muda mfupi baadaye anawadhania wakurugenzi wa kiwanda kuwa roboti. Watazamaji walicheka, nao walikuwa na sababu ya kucheka, ila kicheko hicho kilikuwa na hoja ndani yake: anayefanya kazi bila hiari na anayeagiza kazi bila kufikiri wanaweza kufanana sana.

Hapa msomaji wa Tanzania atakuwa amekwisha kukumbuka msukule. Katika simulizi zetu, mtu anachukuliwa kichawi. Ndugu wanaozika hudhani wanamzika yeye, kumbe kilichomo sandani ni gogo la mgomba lililovishwa sura yake, na mwenyewe yuko mahali fulani analimishwa usiku bila kauli. Sihitaji kuamini simulizi hiyo ili nione kwamba inakusanya vitu vilevile viwili alivyovikusanya Čapek, nakala inayodanganya macho na mwili unaofanyishwa kazi kwa nguvu. Tofauti iko katika mgawanyo. Kwetu nakala ndiyo inayozikwa na mtu halisi ndiye anayetumikishwa. Katika hadithi ya Bradbury nakala inatumikishwa kwanza, na mtu halisi ndiye anayeishia sandukuni. Ulaya nako kulikuwa na hadithi za watoto walioibwa na viumbe wa msituni na kuachiwa wazazi mtoto wa bandia. Hofu hii ni ya kale kuliko mashine yoyote, na kilichofanywa na karne ya 20 ni kuipa kiwanda na bei.

Kisha ikaja siasa. Katika filamu ya Metropolis, iliyoonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza Januari 1927, mtawala wa jiji anagundua kwamba vibarua wa chini ya ardhi wanamsikiliza msichana aitwaye Maria. Hamuui wala hamfungi kwa tangazo. Anamwagiza mvumbuzi Rotwang aipe roboti sura ya Maria, ili roboti hiyo iseme kwa uso wake maneno ambayo yeye asingeyasema na kuvunja imani waliyonayo vibarua kwake. Brigitte Helm aliigiza nafasi zote mbili. Wanaharakati wa leo wanaojikuta wakikanusha video ambazo hawakuzirekodi wanaweza kujifunza mengi kutoka filamu hiyo ya kimya, ambayo karibu itimize miaka 100.

Sauti ilipata nakala yake hadharani miaka 11 baadaye. Oktoba 30, 1938, Orson Welles na wenzake walitangaza katika redio ya CBS mchezo uliotokana na The War of the Worlds ya H. G. Wells, wakaupa umbo la taarifa ya habari inayokatiza muziki. Kwa muda mrefu tumefundishwa kwamba taifa zima lilikimbia barabarani. Watafiti wa siku hizi wanakubaliana kuwa taharuki hiyo ilitiwa chumvi na magazeti, ambayo yalikuwa na kila sababu ya kuitia redio doa. Kilicho muhimu kwa hoja yangu ni kipengele kidogo. Katika mchezo huo anasikika kiongozi anayetambulishwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, lakini mwigizaji Kenny Delmar aliitoa sauti hiyo kwa lafudhi na mwendo wa Rais Franklin Roosevelt. Tangu Machi 1933 Roosevelt alikuwa akizungumza na wananchi redioni kana kwamba ameketi sebuleni mwao. Watu wengi waliijua sauti yake kuliko walivyoijua ya mjomba wao. Mtu mmoja mwenye kipaji na kipaza sauti alitosha kuiazima.

Sasa turudi 1951, maana mchezo wa Braling haukutangazwa katika nchi tulivu. Machi 1947 Rais Truman alikuwa ametoa Amri ya Utendaji namba 9835, iliyoanzisha uchunguzi wa uaminifu kwa watumishi wote wa serikali kuu. Mtumishi aliyetiliwa shaka aliweza kuitwa mbele ya bodi na kusomewa tuhuma bila kuambiwa nani aliyezitoa. Juni 1950 kikatoka kitabu kidogo kilichoitwa Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliodaiwa kuwa na mwelekeo wa kikomunisti. Orson Welles alikuwamo. Baadhi ya waliotajwa walikosa kazi kwa miaka, na nafasi zao zikajazwa na wengine bila tangazo. Studio zilizotengeneza michezo ya nakala za watu zilikuwa zenyewe zikishuhudia watu wakibadilishwa.

Ndipo hofu ya nakala ilipopata sura yake maarufu zaidi, ile ya adui aliyevaa uso wa jirani. Juni 1953 Philip K. Dick alichapisha hadithi yake ya Impostor, ambamo mtumishi katika mradi wa kijeshi, Spence Olham, anakamatwa na kuambiwa kwamba yeye ni roboti iliyotumwa na adui ikiwa na bomu ndani, na kwamba Olham wa kweli amekwisha kuuawa. Anakana. Ana kumbukumbu zake, ana mke, ana uhakika. Lakini angethibitishaje? Kila ushahidi anaoutoa ndio ambao nakala bora nayo ingeutoa. Mantiki ya bodi za uaminifu imo humo nzima: kukana kwako hakuna uzito, kwa kuwa msaliti naye angekana. Mwisho wa hadithi unageuka kuwa mbaya zaidi, maana Olham alikuwa nakala kweli, naye hakujua. Naipenda hadithi hii, ingawa nakiri inanitia wasiwasi. Ukiisoma haraka, unaweza kuondoka ukidhani waliomkamata walikuwa na haki.

Wakati huohuo nakala za kweli zilikuwa zikifanya kazi mchana kweupe. Mwandishi wa filamu Dalton Trumbo, aliyefungwa mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, aliendelea kuandika kwa kujificha nyuma ya majina ya wengine. Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 ilipopata tuzo ya Oscar ya hadithi bora, aliyetajwa ni rafiki yake Ian McLellan Hunter. Kumbukumbu hiyo ilirekebishwa mwaka 1993, Trumbo akiwa amekwisha kufariki miaka 17 kabla. Hapo palikuwa na mtu na pacha wake, na pacha ndiye aliyekuwa na jina.

Nikiziweka hadithi hizi pamoja naona zinagawanyika katika mikondo miwili, na mgawanyiko huo ndio sababu ya makala haya. Kuna nakala iliyopandikizwa na adui, kama ya Olham, na kuna nakala iliyoagizwa na mwenyewe, kama ya Braling. Serikali hupenda sana mkondo wa kwanza. Humpa mpelelezi kazi, humfanya kila raia kuwa mtuhumiwa wa kutokuwa yeye, na jawabu lake huwa ni vitambulisho zaidi, alama za vidole zaidi, orodha zaidi. Mkondo wa pili hauna mpelelezi. Hakuna aliyevamia nyumba ya Braling. Yeye mwenyewe alilipa ili asiwepo mahali alipopaswa kuwapo, na aliyemdanganya ni mke wake, kila jioni, kwa mwezi mzima. Pacha hakuiba nafasi ya mtu. Alikuta imeachwa wazi.

Watumishi wa umma hawahitaji kufikiria mashine ili kuelewa jambo hili. Aliyewahi kuzunguka ofisi zetu za Afrika Mashariki analijua koti lililotundikwa kwenye kiti. Mwenye koti yupo, atakuambia karani, ametoka kidogo. Koti ni Braling wa Pili wa watu wasio na dola 7,600, ambayo ndiyo bei ya chini katika kadi ya kampuni ya Bradbury. Nakala ya kifahari ilifika 15,000. Watumishi hewa waliosakwa Tanzania mwaka 2016 walikuwa hatua moja mbele ya koti, kwa kuwa hao waliweza hata kupokea mshahara. Na sahihi inayopigwa kwa muhuri juu ya barua ambayo mkuu hajaisoma, nayo ni ya ukoo uleule. Katika kila mfano nakala ilitengenezwa kwa ridhaa ya mtu wa ndani, kwa sababu uwepo ni mzigo na kuna anayetaka kuutua.

Wanafunzi watauliza, na wana haki ya kuuliza, kama mgawanyo huu unasimama mbele ya akili mnemba, ambayo inaweza kuinakili sauti ya mtu bila yeye kuagiza chochote. Unasimama kwa shida, na tukio moja linaonyesha shida hiyo iko wapi. Januari 2024, siku mbili kabla ya kura ya mchujo ya chama cha Democratic katika jimbo la New Hampshire, maelfu ya wapiga kura walipigiwa simu na sauti ya Rais Joe Biden, ikiwashauri wasipige kura siku hiyo na kuitunza kura yao hadi Novemba. Biden hakusema hivyo. Sauti ilitengenezwa kwa programu, kwa agizo la mshauri wa siasa aliyekuwa amefanya kazi kwa mpinzani wake ndani ya chama hichohicho. Kwa upande mmoja ni kisa cha Maria wa Metropolis: uso, au tuseme koo, la mtu linatumiwa kuwasemesha wanaomwamini. Kwa upande mwingine hakukuwa na jasusi wa kigeni wala genge la kisiri. Alikuwa mtu wa nyumbani, anayejulikana katika fani yake, aliyetoa oda kama Braling alivyotoa oda. Vyombo vilivyozoea kumtafuta adui wa nje vilikuta mtengenezaji, mwagizaji na kampuni ya simu, wote wakiwa na anuani.

Na sheria? Katika hadithi ya Bradbury, ambayo inatukia mwaka 1990, kuna kipengele ambacho wasikilizaji wengi hukipita bila kukiona: muswada wa kuhalalisha mapacha wa kampuni hiyo uko mezani katika Kongresi ya Marekani, haujapitishwa, na hadi hapo kumtumia pacha ni kosa la jinai. Wateja wananunua hata hivyo, kimyakimya, na kampuni ina kadi nzuri zilizochapwa. Bradbury aliandika mstari huo mwaka 1949 kama utani wa kupita.

Mwaka 1991 Kongresi ya kweli ilipitisha sheria ya kuwalinda wenye simu dhidi ya kero za wauzaji, ikipiga marufuku miito inayotumia sauti ya bandia au iliyorekodiwa pasipo ridhaa ya anayepigiwa. Walioiandika walikuwa wakifikiria mashine za matangazo ya biashara. Februari 8, 2024, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba maneno hayo ya 1991 yanagusa pia sauti zilizoundwa na akili mnemba, na Septemba mwaka huo ikamtoza mshauri yule faini ya dola milioni 6. Kesi ya jinai ilisikilizwa katika jimbo lenyewe. Alishitakiwa kwa kuwazuia wapiga kura na kwa kujifanya mgombea. Utetezi wake ulikuwa, pamoja na mengine, kwamba kura ile haikuwa uchaguzi halisi kwa kuwa chama cha taifa hakikuitambua. Juni 2025 jopo la raia waliokaa kuisikiliza kesi hiyo lilimwachia huru kwa mashitaka yote.